Vilima vya Pemba na njia za kifusi: ukitaka kuchoka vizuri njoo huku

Naulizwa sana wapi Zanzibar pa kuendesha baskeli penye kupanda na kushuka, kwa hiyo naliandika mara moja: ukitaka kuendesha baskeli Zanzibar na roho yako inataka milima, usibaki Unguja, vuka Pemba. Unguja naipenda, lakini ukitoka mjini kwenda Makunduchi utapiga pedeli tambarare kutwa na gari zinakupita ubavuni. Pemba mambo mengine kabisa. Kisiwa chenyewe kama kilomita 67 kutoka kaskazini hadi kusini na hakuna kilima kinachozidi mita 120, mtu akisikia hivo anasema aa hivi si milima, haya njoo ushuke meli Mkoani asubuhi na baskeli yako, mlima unaanza pale pale bandarini hata jasho la meli halijakauka, ukiumaliza unashuka bondeni kwenye mpunga, ukitoka kwenye mpunga unapanda tena, na mbele kuna mwengine na mwengine, tambarare ya kupumzisha magoti huipati. Ndo raha yake hiyo.

Alienitia kwenye mambo haya ni mtoto wa ammi yangu anaeishi Winchester, kusini mwa Uingereza. Yeye ana baskeli za graveli, zile zenye hendeli ya mashindano iliyopinda chini lakini matairi yake mapana, milimita 40 hata 50, na gia nyepesi za kupandia. Kila wikiendi ananitumia picha. Hapo Winchester ndo inapoanzia South Downs Way, njia ya kilomita 160 inayokwenda mpaka Eastbourne baharini, juu ya vilima vya chokaa, nyasi, kondoo, mageti ya mbao ya kufungua na kufunga. Kilima kirefu kuliko vyote kwenye ile njia, Butser Hill, kina mita 270 tu. Lakini ukijumlisha kupanda kote mwanzo hadi mwisho unapita mita 3,000, kwa sababu kila mto umekata bonde lake na wewe lazima ushuke ukapande upande wa pili. Nilipoona hesabu hiyo nikamwambia yakhe, hiyo si Pemba hiyo? Tafauti yenu chokaa nyeupe na sisi udongo mwekundu. Akanambia chokaa ikipata mvua inateleza kama sabuni, nikamjibu wetu hautelezi tu, unanasa kwenye tairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka.

Sasa kilichonikaa kichwani si vilima vyao, ni vipi njia zile zipo mpaka leo. Nyingi ni njia za kale za wachungaji na wafanyabiashara, Ridgeway kwa mfano, njia nyengine ya juu ya vilima huko huko kusini, watu wameipita tangu kabla ya historia. Zingeweza kulimwa zikapotea kabisa. Lakini wenzetu walitunga sheria mwaka 1949 kwamba kila halmashauri ichore ramani ya njia zote ambazo umma una haki ya kupita, hata zikiwa katikati ya shamba la mtu. Halafu sheria ya mwaka 1968 ikawapa wenye baskeli ruhusa ya kupita njia za farasi, kwa sharti wawapishe wenye farasi na wanaokwenda kwa miguu. Njia za miguu peke yake baskeli haina haki hiyo, na wanalalamika kweli kweli. Juu ya msingi huo ndo mwaka 2020 chama chao cha waendesha baskeli, Cycling UK, kikaunganisha vipande vya njia za zamani kikatoa King Alfred's Way, duara la kilomita 350 linaanzia Winchester linapita Stonehenge na Avebury, penye duara za mawe ya kale, na kurudi pale pale. Hawakujenga barabara mpya, waliunganisha tu zilizokuwepo. Hilo mie nalitaka kwetu na nalitaka kwa dhati.

Maana sisi njia tunazo. Kabla ya lami watu wa Pemba walipita wapi? Kulikuwa na njia za kuchukulia karafuu kutoka mashamba ya ndani, njia za ng'ombe za kushukia mabondeni, njia za wanafunzi wa chuo na skuli zinazokata kilima kwa mkato. Zipo bado, nyengine pana inapita gari, nyengine mita moja tu baina ya mihogo na migomba. Lami sina ugomvi nayo, mgonjwa anafika hospitali, mama anafika sokoni. Lakini njia ya zamani isiyopitwa inachukuliwa na majani, halafu mtu anatia ukuta, halafu hata wazee wanaoijua wanaondoka. Na Pemba karafuu zipo zaidi upande wa magharibi kwenye udongo mzito na vilima vingi, mashariki kunakuwa maweni na uwanda, kwa hiyo mtu akiziunganisha vizuri anapata nchi mbili ndani ya siku moja.

Niseme ninazozipenda. Ya kwanza kwangu ni Konde hadi Kigomasha kupitia msitu wa Ngezi. Unatoka kwenye jua kali, unaingia chini ya mivule na jua linakatika ghafla, hewa inabadilika, popo wa Pemba wale wakubwa, ambao duniani hawapo kwengine, ukibahatika utawaona. Ukitoka msituni mkono wa kulia kuna Vumawimbi, ufukwe mrefu mweupe, mbele kabisa kuna mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Usiende mbio ndani ya msitu, tafadhali, kuna watu wa miguu na kona hazionekani.

Ya pili ni Ras Mkumbuu, kutoka mji wa Chake Chake unapita Ndagoni halafu ile rasi inaanza kuwa nyembamba, bahari huku na huku, mwisho wake kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Njia mbaya kwelikweli sehemu za mwisho na ndo inafaa hasa kwa matairi mapana. Pujini, kwenye magofu ya ngome ya mtawala wa zamani Mkama Ndume, fupi, ni kama kilomita 10 kutoka Chake, nzuri kwa anaeanza.

Msimu ni jambo kubwa. Masika usijaribu njia za ndani, mabonde yamejaa maji na kushusha baskeli mpungani ni kumharibia mtu kazi yake. Kipupwe ndo wakati wenyewe, kuanzia mwezi wa 6 mwishoni, ardhi imekauka na upepo wa kusi unapoza mwili. Karafuu zikianza kuanikwa utasikia harufu kabla hujauona mji, na hapo kuna adabu yake: majamvi yakiwa kando ya njia unashuka, unasukuma baskeli, unatoa salamu. Ile ni pesa ya nyumba ya mtu ya mwaka mzima. Salamu zenyewe usizipite mbio, mzee akikuuliza wenda wapi na moto huo simama umjibu, njia zangu nyingi za ndani nimeonyeshwa hivo hivo, mzee kanyoosha mkono kasema pita kwa kina fulani, mbele ya mwembe shika kushoto.

Baskeli ya graveli yenyewe huna haja nayo kuanza. Mie natumia ya mlimani ya mtumba, iliyotoka na kontena, nimeitia tairi zenye meno madogo. Muhimu ni upepo, watu wanajaza tairi mpaka linakuwa jiwe halafu kwenye kifusi inaruka ruka mikono inakufa ganzi. Punguza. Wasiotumia tyubu wanashuka mpaka psi 35 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa tairi la milimita 40, wenye tyubu baki juu kidogo maana ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu inatoboka matundu mawili. Chukua pampu, viraka na cheni ya akiba, mafundi wapo vijijini lakini si kila kijiji.

Kuhusu ramani, kuanzia mwaka 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kwa droni kwenye mradi wa Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ndo walizirusha droni zenyewe. Njia za udongo zinaonekana wazi kwenye picha zile. Nimeanza kuzichora kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo ni bure kwa kila mtu, kila nikipita njia naiwasha simu irekodi, nikirudi nyumbani nalinganisha. Lengo ni duara moja kutoka Mkoani mpaka Kigomasha na kurudi, lami iwe kidogo iwezekanavyo. Kaskazini naona imekaa sawa, kusini ndo pana tundu: baina ya Kengeja na Mwambe mpaka kuifikia Mtambile kwa ndani sijapata njia inayounga bila kurudi barabara kubwa. Mwenyeji wa huko anaeijua, au babu yake anaeijua, aniandikie, nije tuipite pamoja kabla ya vuli.