Foleni ya Kivuko Ikiisha, Pangani Itauza Nini?

Mpwa wangu ana nia ya kugombea udiwani katika mji wetu wa Pangani, na kabla ya kuchukua fomu ya chama aliniletea orodha ya vipaumbele vyake ili niisome kwa jicho la mtu asiye na anachokitafuta katika uchaguzi huo. Orodha ilikuwa ndefu na imeandikwa kwa mwandiko mzuri: lami katika mitaa yote, maji yasiyokatika, umeme wa uhakika, hospitali yenye vipimo vyote, chuo cha ufundi, ajira kwa vijana na utalii. Nilimwambia kwamba sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo, ila karibu vyote havimo katika uwezo wa diwani, na mpiga kura wa hapa amekwisha kuvisikia kiasi cha kuweza kuimalizia sentensi kabla ya mgombea mwenyewe.

Barabara za mitaani na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, maji ya vijijini yamekabidhiwa RUWASA tangu mwaka 2019, mijini kuna mamlaka za maji, na umeme una TANESCO. Diwani anaweza kuwaandikia, kuwahoji vikaoni na kuwasumbua, na huo ni wajibu wake, lakini hana saini ya kutoa fedha zao. Alicho nacho ni uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na kura yake katika Baraza la Madiwani, ambalo hupitisha bajeti ya halmashauri, hutunga sheria ndogo na huamua mapato ya ndani yatumikeje. "Sasa mjomba, ukitoa hayo yote nitabaki na nini cha kuwaambia watu?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba atabaki na mengi, na la kwanza halimo kabisa katika orodha yake, nalo ni foleni ya kivuko.

Kwa msomaji asiyeifahamu Pangani, mji wetu uko kwenye mdomo wa Mto Pangani, na anayetaka kwenda ng'ambo ya Bweni huvuka kwa kivuko. Barabara ya kutoka Tanga hadi hapa, yenye kilomita 50, inajengwa kwa lami, na daraja lenye urefu wa mita 525 linajengwa juu ya mto, ili njia ya pwani iendelee kupitia Saadani hadi Bagamoyo. Hakuna mtu mwenye akili anayelipinga daraja hilo. Mama mjamzito wa ng'ambo anayeshikwa na uchungu usiku wa manane hawezi kuambiwa asubiri eti kwa sababu wauza mihogo wanaihitaji foleni.

Hata hivyo foleni hiyo ndiyo soko ambalo mji haujawahi kulijenga. Anayetaka kuujua uchumi wetu asianze na makabrasha ya halmashauri. Akae kivukoni asubuhi moja, atazame. Lori la nazi limezima injini, na dereva wake ameketi kwenye benchi la mama ntilie mbele ya chai ya rangi na chapati mbili. Wanawake wenye mabeseni ya mihogo ya kukaanga na samaki wa kukaanga hupita dirisha kwa dirisha, wakiwahesabia abiria chenji bila kuitazama mikono yao. Kijana anayekata madafu huusikia mlango wa chuma wa kivuko ukigonga zege, naye huongeza kasi ya panga, kwa kuwa akichelewa mteja atavuka na dafu litabaki mkononi mwake. Biashara hiyo yote haina jengo, wala namba ya kizimba, wala choo cha maana, na imesimama juu ya jambo moja tu, kwamba gari limelazimika kusimama.

Siku gari litakapopita juu ya mto kwa dakika moja, sababu ya kusimama itakuwa imeondoka. Tumeona kwa wenzetu. Wasafiri wa Lindi na Mtwara waliokuwa wakikwama Ndundu kusubiri kuvuka Mto Rufiji sasa hupita moja kwa moja juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na kule Ziwa Victoria Daraja la Kigongo–Busisi lilipoanza kazi mwaka 2025 lilimaliza foleni ya vivuko pamoja na biashara iliyoizunguka. Hata wageni wanaokwenda kwenye hoteli za Ushongo, ambao leo angalau huteremka kivukoni na pengine kuuliza habari za Boma, jengo letu la kale, au za Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani aliyenyongwa hapa hapa mwaka 1889, kesho watalipita daraja wakiwa wamefunga vioo. Mgombea anayeandika neno "utalii" katika orodha yake bila kulifikiria jambo hili hajaandika kitu.

Kwa hiyo kipaumbele cha kwanza, kwa maoni yangu, ni eneo lililopimwa mahali barabara mpya inapokutana na mji, lenye maegesho ya malori na mabasi, choo, maji, kivuli na vizimba, na vizimba hivyo wapewe kwanza wale wanaouza kivukoni leo, kwa majina yaliyoandikwa na kata kabla daraja halijafunguliwa. Nasisitiza kabla, kwa sababu siku ya ufunguzi kila mwenye mtaji atajitokeza akidai amekuwa akiuza madafu tangu utotoni.

Jambo hili haliwezi kuachwa lijipange lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na kando ya lami nako kuna hifadhi ya barabara. Mama ntilie atakayeamua mwenyewe kuhamishia jiko lake barabarani atajikuta katikati ya makatazo mawili, na siku moja ataamka akute alama nyekundu ya X kwenye ubao wa kibanda chake. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, kwa hiyo hapa diwani hapigi kelele kwa niaba ya taasisi ya mbali. Anazungumza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ardhi iliyo kando ya lami haikai bila mnunuzi, na kila mwezi unaopita bila eneo hilo kutengwa unaongeza gharama ya fidia.

Kipaumbele cha pili ni diko la samaki, yaani mahali wavuvi wanaposhushia na kuuzia samaki wao. Mvuvi anayerudi alfajiri bila barafu ya kutosha hana nguvu ya kubishana na mchuuzi, kwa kuwa jua likipanda bei inashuka, na mchuuzi analijua hilo kuliko yeye. Wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa nao hutegemea chanja na hali ya hewa. Lami ikifika, samaki wetu watalifikia soko la Tanga kwa haraka zaidi, jambo zuri kwa mvuvi, ingawa huenda mpishi wa nyumbani hapa Pangani akaanza kununua kwa bei ya Tanga. Sijui mgombea atalijibuje swali hilo jukwaani, nami sikumpa jibu. Nilimwambia tu kwamba mahali panapotozwa ushuru kwa mashine ya POS kila asubuhi pana haki ya kuwa na sakafu ya zege inayooshwa, meza na maji safi, na kwamba hoja ya namna hiyo ina nguvu zaidi kwenye Baraza ikiletwa na hesabu ya ushuru uliokusanywa kuliko ikiletwa na malalamiko.

Mikopo ya asilimia 10 alikuwa ameitaja kwa mstari mmoja tu, akiiita "uwezeshaji". Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa mwaka uliofuata ukiwa umefanyiwa marekebisho. Diwani hagawi fedha hizo, na akijaribu kuzigawa atazipeleka kwa waliombebea bendera. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba wauza madafu na waanika dagaa wana kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti na mchanganuo wa biashara unaosomeka, ili mikopo itakapotangazwa wasiwe wanaanza kutafuta mtu wa kuwaandikia katiba. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mtu anayejua kuandika na mwenye jioni zake.

Mitaro na taka nimeziweka za mwisho, si kwa udogo wake. Bahari imeula ufuko wetu hadi ukajengwa ukuta, na visima kadhaa vilivyo karibu na mto vimeingiwa na maji ya chumvi. Hayo diwani hawezi kuyarudisha nyuma, lakini mtaro ulioziba kwa mchanga na chupa za plastiki unazibuliwa na watu wa mtaa wakiwa na koleo, toroli na kiongozi aliyefika kabla yao.

Mpwa wangu alisoma maelezo yangu, akakubali kuondoa hospitali na chuo, akakataa katakata kuiondoa lami kwa sababu, kama alivyosema, mgombea asiyetaja lami ataulizwa kama ana baiskeli tu. Tumekubaliana kwamba ataitaja kama jambo la kufuatilia TARURA, na kwamba atasema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kuligeuza kuwa ahadi. Jambo tulilobaki tukibishana ni wakati. Yeye anataka kuanza kazi ya vizimba akishashinda. Mimi naona rasimu ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 huanza kujadiliwa miezi mingi kabla, vikao vya Baraza huwa wazi kwa wananchi, na ofisi ya mtendaji wa kata haimwulizi mtu kadi ya chama anapokwenda kuuliza kama mpango wa kata umetenga eneo la soko. Nimemwambia aende Jumatatu, achukue daftari, na ampitie mama yake mdogo anayeuza mihogo kivukoni, kwa kuwa ndiye anayewajua wenzake wote kwa majina.