Nimeahidi Lumumba

Nimetoka kazini saa moja asubuhi, nimekunywa chai, nimejitupa kitandani, usingizi umegoma. Ni yule mzee wa Bukavu.

Jumamosi nilikuwa tena Gulfton, hapa Houston, kwenye yale maghorofa mnayoyajua, napita mlango kwa mlango kumpigia debe mwalimu wetu mstaafu anayetaka kumng'oa aliyekalia kiti cha Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas. Mlango wa tatu akafungua mzee, shati limenyooshwa kama anakwenda kanisani. Nikampa shikamoo, akacheka. Kwao hawana hiyo. Nikashusha hotuba yangu: wajumbe 15, mshahara hawana, lakini ndio wanaoamua watoto wetu wasome nini. Septemba 2025 walipitisha mpangilio mpya wa maarifa ya jamii, Texas na Marekani mbele, historia ya dunia ikafinywa, kura 8 kwa 7. Kiti kimoja, baba! Hapo huwa nainua kidole.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mama, ule mwalimu wako, atatia Lumumba mu kitabu?”

“Ndiyo, baba. Atamtia.”

Sikufikiri hata. Mwalimu hajawahi kulitamka jina la Lumumba mbele yangu. Ninachojua ni kwamba anataka historia ya dunia irudishiwe nafasi yake, na hata akishinda atakuwa mmoja kati ya 15, kitabu haandiki yeye. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, nikayameza.

Mzee akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Ndipo akaniambia hana kura, uraia wake bado. “Nilitaka tu kujua.”

Kwa hiyo hata kura sikuipata kwa uongo ule. Nilimdanganya bure, mtu mzima, mlangoni kwake.

Wiki hii kura ya mapema imefunguliwa (huku ni ya kila mtu, si kama Zanzibar), nimepiga yangu, wifi amejifungua mapacha Morogoro, na mimi kutwa nzima narudia “Atamtia.” Namgeuza mgonjwa ubavu, “Atamtia.” Nilishindwa nini kusema, “Sijui, baba, nitamuuliza”?

Jana nikamwambia Baba Watoto. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. “Umeahidi Lumumba? Ungeahidi na barabara ya lami kabisa!” Nikanuna. Halafu binti yetu, huyu wa darasa la nane anayejua kila kitu kuhusu Alamo, ile ngome ya vita vya Texas, akauliza kutoka sebuleni, “Lumumba nani?”

Baba Watoto akawahi, “Ule mtaa wa Dar wenye ofisi ya chama.” Hapo na mimi nikacheka, sikujizuia. Tukamsimulia vizuri: waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, uhuru 30 Juni 1960, Januari 1961 keshauawa.

“Hata mwaka haukuisha?” Akaacha simu. Maswali yake yalitupeleka hadi saa tano usiku, na mengine yalitushinda. Baba yake akawa anajifanya anatafuta chumvi.

Nimemwandikia mwalimu ujumbe kumuuliza. Hajajibu, siku hizi simu yake haipoi. Akijibu nitarudi Gulfton mwenyewe, jibu lolote litakalokuwa.

Gari nalo limeanza tena ule mlio nikikata kona kulia, na kesho nina zamu Katy.