Land Rover 109: inchi mbili zilizonitoa jasho

Madigadi ya kushoto imekaa! Boliti zote zimeingia bila nyundo, na mwanya wa mlango uko sawa juu mpaka chini.

Shida ilikuwa hii: niliuziwa madigadi "ya Series I ndefu", na kweli ni ya Series I ndefu (toleo la kwanza la Land Rover), ila ya 107, yaani inchi 107 kati ya ekseli na ekseli; langu ni 109. Ukiifunga mbele, nyuma inaishia inchi mbili kabla ya kufika ukuta wa injini. Fundi akashikilia kwamba chesisi ilipinda kwenye ajali. Nikamwambia, hapana mzee, hii ni kazi ya Solihull wenyewe, kiwanda cha Land Rover kule Uingereza.

Mwaka 1948 akina Maurice Wilks, mhandisi wa Rover, walianza na inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, kipimo kilekile cha Jeep. 1954 zikaja 86 na ile ndefu ya 107, zote kwa ajili ya kupata nafasi ya mzigo. Lakini 1956 zilipogeuka 88 na 109, inchi mbili zile hazikwenda kwenye mzigo hata kidogo. Ziliwekwa mbele ya ukuta wa injini, ekseli ya mbele ikasogezwa, ili dizeli mpya ya lita mbili ipate pa kukaa. Dizeli yenyewe ikatoka 1957. Station wagon ndefu haikupewa dizeli, ndiyo maana ikabaki 107 mpaka 1958. Na petroli kama yangu inatembea na nafasi ya injini ya mwenzake!

Basi nikakata nyuma ya tao la tairi, nikaunga kipande cha aluminiamu cha inchi tatu na nusu, ili kila upande upate pa kulaza ribiti. Kuchomelea sikutaka, aluminiamu ikikutana na fundi asiyeizoea inaporomoka, unabaki na shimo.

Na jamani, spana za milimita ziwekeni mbali na gari hili. Boliti zake nyingi ni BSF, kipimo cha zamani cha Waingereza cha inchi: spana inaonekana kushika, ukikaza inakula kona. Seti yangu kuukuu ya Whitworth (spana zinazoingia BSF), yenye kutu, inazishinda zote zinazong'aa.

Wiki hii nilipanga kupaka chesisi rangi. Sipaki. Nimesikia kuna dizeli moja ya lita mbili ile (2052 cc) imelala kwenye banda la shamba fulani, pistoni zimegoma, na pa kuiweka ninapo tayari. Madigadi ya kulia itasubiri. Nayo ni ya 107.