Baba, baiskeli na platuni

Leo nilikuwa natazama mbio za baiskeli na baba, mwanajeshi mstaafu. Mtangazaji kila mara analiita lile kundi kubwa "peloton".

Baba akageuka: "Kasema platuni?"

Nikamcheka, maana platuni ni kikosi kidogo cha askari. Halafu nikafungua kamusi, kicheko kikaisha.

Ni neno lilelile! Kwa Kifaransa ni mpira mdogo, donge kama la uzi. Askari waliosongamana wakaitwa hivyo, Waingereza wakalichukua karne ya 17, nasi tukalipokea kwao.

Kamera ya juu ikaonyesha waendeshaji wamebanana, wanakata kona kwa pamoja... donge kabisa!

Nikamwambia: kumbe ulikuwa unaongoza donge la uzi la watu 30 😂

Kimya. Kisha: "Kuna siku lilifumuka."

Hajasema zaidi.

Haya, kombania (kikosi chenye platuni kadhaa) nayo imetoka wapi? Nani anajua?