Cheti cha jamii si hati ya ardhi

Jamii nyingi za wafugaji hapa Kenya zikishakabidhiwa cheti na Msajili wa Ardhi ya Jamii huanza kusherehekea kana kwamba ardhi imekuwa yao kisheria. Bado. Cheti kinaitambua jamii yenyewe: jina lake, watu wake, kamati yake. Hati miliki huja baadaye, mipaka ikishahakikiwa na kupimwa. Kati ya karatasi hizo mbili ndipo ardhi nyingi hupotelea.

Katika kipindi hicho cha kungoja, ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 21 Septemba mwaka huo, inaikataza kaunti kuiuza, kuihamisha au kuigeuza ya mtu binafsi. Ikiwa sehemu imetwaliwa kwa ajili ya barabara au mradi mwingine wa umma, fidia huwekwa kwenye akaunti maalumu yenye riba, na jamii hulipwa pamoja na riba hiyo ikishasajiliwa. Kwa hiyo kamati mpya isikae kimya. Iandikie kaunti barua kuuliza kama kuna fidia iliyopokelewa kwa niaba ya jamii.

Kazi ngumu, inayotangulia cheti, ni daftari la wanajamii. Sheria inataka wanajamii wote waitwe kwenye mkutano wa hadhara, kwa kila njia ya mawasiliano iliyopo, wachague kamati ya usimamizi yenye watu wasiopungua 7 na wasiozidi 15. Kamati ndiyo huandaa daftari, kisha hupeleka kwa Msajili jina la jamii, daftari, kumbukumbu za mkutano na kanuni zake. Mkutano ukiitishwa wakati wa kiangazi, vijana wakiwa wamehama na mifugo, nusu ya watu hawatakuwapo, na malalamiko ya baadaye yatakuwa na msingi. Ngojeni mvua inyeshe, watu warudi.

Kosa linalojirudia ni kunakili daftari la zamani la ranchi ya kikundi, yaani ardhi ya malisho iliyomilikiwa kwa pamoja. Ranchi zile ziliundwa chini ya sheria ya mwaka 1968, na madaftari yake kwa kawaida yaliandika wakuu wa maboma tu, karibu wote wanaume. Wengi wao wamefariki. Sheria ya sasa inahesabu watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, na aliyeolewa au kuoa ndani ya jamii huwa mwanajamii moja kwa moja. Andikeni boma kwa boma, mtu kwa mtu. Asiye na kitambulisho msimwache nje kimyakimya. Wekeni alama kwenye jina lake na mfuatilie kitambulisho hicho.

Kwa nini nasisitiza daftari hivi? Kwa sababu kila mahali sheria hii inapotaka theluthi mbili, hesabu hutoka humo. Chukulia jamii yenye watu wazima 900 daftarini. Akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya wanaopaswa kuhudhuria, ni 600. Mambo ya kawaida huamuliwa kwa wingi wa kura za waliohudhuria, lakini kuuza au kutoa ardhi kunahitaji theluthi mbili ya wote walioandikwa. Wakija 600 kamili, basi wote 600 lazima wakubali; kura 400 za waliopo hazitoshi, hata mwenyekiti atangaze nini. Sasa tuseme 150 kati ya wale 900 ni marehemu. Walio hai ni 750, na akidi bado ni 600, yaani wanne kati ya kila watano walio hai, kwa hiyo hata mkutano wa kupanga malisho unaweza kukwama. Kinyume chake ni kibaya zaidi: wanawake wakiachwa nje na daftari likabaki na 450, wanaume 300 wanaweza kuigawa ardhi ya watu 900. Naona huu ndio mlango mkubwa wa wizi wa ardhi ya jamii, na unafunguliwa siku ya kwanza kabisa, kwa kalamu.

Kuhusu mipaka, kaeni na majirani kabla mpimaji hajafika. Tembeeni mpaka pamoja, wazee wa pande zote mbili, mkiandika mito, miamba na visima, pamoja na njia za mifugo na makubaliano ya malisho ya kiangazi. Tangazo la uhakiki likitoka, wenye madai wana siku 60 za kuyawasilisha. Jirani asiyeshirikishwa atazitumia, na ana haki.

Jamii za misituni zina mzigo wa ziada. Katiba, Ibara ya 63, inaitaja waziwazi ardhi ya mababu na ile ambayo kwa desturi inakaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Ibara ya 62 nayo inaweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa msitu wa Mau, wamekwama hapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilikiukwa, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na ardhi yao iwekewe mipaka na hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Muda huo ulikwisha bila hati kutolewa. Inaniuma, maana ushindi wenyewe hauna utata.

Kwa jamii iliyo katika hali hiyo, ushauri wangu ni kutongoja mgogoro wa msitu uishe ndipo ianze. Daftari, kamati na kanuni havihitaji mpimaji. Viandaliwe sasa, na nakala zihifadhiwe sehemu zaidi ya moja, ili siku maofisa wa uhakiki watakapofika wakute jamii yenye majina kamili na kamati halali ya kuzungumza nao.