Bunduki ya mpwa wangu na elki wa Colorado

Picha imo kwenye simu yangu tangu Oktoba na sijaifuta. Ni kichwa cha risasi kilichotolewa chini ya ngozi ya jike la elki, kimewekwa juu ya mizani ndogo ya dijitali. Pembeni mpwa wangu ameweka sarafu ya shilingi ishirini anayotembea nayo tangu aondoke Nakuru. Sehemu ya mbele ya kile kichwa imefunguka na kujikunja kuelekea nyuma kama ndizi iliyomenywa, na ya nyuma imebaki nzima. Kilipotoka mtutuni kilikuwa na greni 180, yaani gramu 11 na ushei. Mizani inaonyesha gramu 7.6.

Tulibishana miezi sita kabla ya kuifikia picha hiyo.

Mpwa wangu yuko Colorado, Marekani, mwaka wa tisa sasa, na wenzake kazini ni wawindaji. Mwaka jana alihudhuria mafunzo ya uwindaji ambayo sheria ya kule inadai, akapata kibali cha jike la elki, kisha akanipigia. Kwake ilikuwa saa tano asubuhi, kwangu saa mbili ya usiku. "Mjomba, ninunue bunduki gani? Hawa wenzangu wanasema .300 Magnum, maana wanapiga mpaka yadi 700." Magnum ni risasi yenye baruti nyingi kuliko ya kawaida, na yadi 700 ni mita 640 hivi.

Aliniuliza mimi kwa sababu nilibeba bunduki miaka 22 nikiwa askari wa wanyamapori. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nimeitumikia sheria hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini kule elki wanahesabiwa, vibali vinatolewa kwa idadi na nyama inaliwa nyumbani. Kijana akishaamua kwenda kihalali, kazi yangu ni kuhakikisha mnyama hateseki.

Kwa ambaye hajamwona elki: ni wa jamii ya kulungu, na pembe za dume zina matawi na huanguka kila mwaka. Dume la milima ya Rocky hufika kilo 320 hivi, jike kilo 225. Mfikirie kuro wa Ziwa Nakuru, kisha umwongezee kimo na kifua.

Nami nikifikiria kuro, kuna mmoja ambaye hanitoki.

Aligongwa na gari usiku, mguu wa nyuma ukavunjika, na asubuhi tukaambiwa tummalize. Alikuwa amesimama hatua 150 hivi, ubavu wote uko wazi. Mkononi nilikuwa na bunduki ya kijeshi ya G3 na risasi zake za milimita 7.62, zile ambazo kichwa chake chote kimevikwa koti gumu la chuma. Nililenga nyuma ya bega, nikafyatua, na nikasikia risasi ikigonga. Hakuanguka. Aligeuza shingo akatutazama, akarukaruka kwa miguu mitatu mpaka ndani ya matete. Tulimfuata kwa vitone vya damu vidogo kama punje za mtama, tukavipoteza, tukaviona tena, hadi saa tisa alasiri. Tulipompata nilikagua ubavu. Tundu la kuingilia na la kutokea yalilingana, na kidole changu cha mwisho kingeziba lolote kati ya hayo mawili. Niliyemlenga vizuri aliteseka nusu siku.

Risasi ile ilifanya kazi iliyotengenezewa. Mataifa yalikubaliana The Hague mwaka 1899 kwamba vitani zisitumike risasi zinazofunguka mwilini, kwa hiyo ya kijeshi hupenya na kupita. Sheria ya uwindaji ya Colorado imegeuza jambo hilo: kwa elki kichwa cha risasi lazima kiwe cha kufunguka, kisipungue greni 85, na mtutu usiwe mwembamba kuliko milimita 6. Kijeshi mtu akijeruhiwa ametoka vitani. Kwa mnyama, jeraha dogo ni mateso matupu.

Ndiyo maana nilipoulizwa bunduki gani, nilianza na kichwa cha risasi. Kijana hakupenda. Alitaka jina la bunduki.

Nilimweleza habari za John Nosler, mwindaji wa Marekani ambaye mwaka 1946 alimpiga risasi kulungu mkubwa wa Kanada aitwaye musi, na vichwa vya risasi vikapasukia karibu na ngozi bila kufika ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati: madini laini ya risasi yaliyo mbele yanafunguka, ya nyuma yanazuiwa na ule ukuta yasiharibike, yaendelee kusukuma. Alianza kukiuza mwaka 1948, kinaitwa Partition, na mpaka leo kipo. Siku hizi vipo pia vya shaba tupu ambavyo hufunguka bila kupoteza uzito. Chochote kati ya hivyo kingenitosheleza.

Sasa, kichwa kama hicho kinafunguka kwa nguvu ya mwendo tu. Hapa ndipo habari za yadi 700 zinapoharibika. Vichwa vingi vya aina hiyo vinahitaji kumfikia mnyama vikiwa na kasi ya futi 1,800 kwa sekunde au zaidi. Chini ya hapo havifunguki vizuri. Chukua risasi ya kawaida iitwayo .30-06 yenye kichwa cha greni 180: inatoka mtutuni kwa futi 2,700, ikifika yadi 400 imebaki na 2,000 na kidogo, na karibu na yadi 600 imeshashuka chini ya ule mpaka. Kuanzia hapo, ghali ulivyoinunua, inapita mwilini kama ile ya kijeshi iliyopita kwenye kuro wangu. Nilipomwandikia hivyo alikaa siku mbili bila kujibu, halafu akaniuliza maswali ya maana.

Je, magnum haisaidii? Inasaidia, na sikumficha. .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, inakisukuma kichwa kile kile kwa zaidi ya futi 2,900, kwa hiyo inakuongezea kama yadi mia na kidogo kabla ya kasi kuisha. 7mm Remington Magnum, ya mwaka 1962, iko karibu nayo na teke lake ni pungufu. 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ni tulivu begani na inalenga vizuri sana. Jike aliyesimama ubavu wazi yadi 250 ingemtosha, ila mnyama akikaa kimshazari, mfupa wa bega ukiwa njiani, ningependa uzito zaidi ya huo. Hizo nyingine mpya mpya anazoambiwa kila wiki nilizipita.

Lakini hizo yadi mia za magnum unazilipia kwa bega. Nilimwambia aazime .300 ya rafiki yake na .30-06 ya mwingine, aende uwanja wa shabaha, apige tano tano kwa yadi 100, anitumie makaratasi. Ya .300 ilinihuzunisha: matundu matano yametawanyika upana wa kiganja, matatu yakiwa chini kushoto. Huyo ni mtu anayefumba macho na kuivuta bunduki kabla haijalia, kwa sababu mwili umeshajua teke linakuja. Nimefundisha vijana wengi na alama hiyo naijua kama mwandiko. Ya .30-06 ilikuwa matundu matano ambayo mdomo wa kikombe cha chai ungeyafunika.

Akanunua .30-06 ya boliti, ile inayokokwa kwa mkono kila risasi, iliyokwisha kutumika, mtutu mzuri, kilo tatu na nusu pamoja na darubini. Uzito huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Elki mwezi wa Oktoba wanakaa mita 3,000 juu ya bahari, juu kuliko kilele cha Longonot, na bunduki inabebwa siku nzima ili ipigwe mara moja. Tena risasi za .30-06 zinapatikana hata kwenye maduka ya vijijini kule, maana zimetengenezwa tangu mwaka 1906. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda huku kwetu mwaka 1909, akafika mpaka Ziwa Naivasha, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya risasi hiyo hiyo.

Baada ya hapo nilimsumbua. Kupiga ukiwa umeketi mezani, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, si kuwinda. Nilimtaka apige ameketi chini, amepiga goti, amelala juu ya begi lake, tena akiwa anahema baada ya kukimbia. Shabaha ikawa sinia la inchi kumi. Kwa yadi 300 ameketi, risasi sita kati ya kumi zililipata, na nne zile zilizokosa ni elki wanne wanaoingia msituni na jeraha. Alikasirika nilipoziita hivyo. Aliendelea na mazoezi Julai na Agosti yote, akafika nane, halafu tisa, akiwa amelala juu ya begi.

Upepo nao nilimweleza kwa mfano anaoujua, ule wa mchana unaotimua vumbi kutoka ziwani kuelekea Barut. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi hiyo zaidi ya futi moja kwa yadi 400, na upepo huo ndio unaoweza kuwa umetulia pale ulipo na unavuma ng'ambo ya bonde alipo mnyama. Risasi pia inaanguka. Ukiilinganisha darubini kwa yadi 200, kwa 400 imeshuka karibu futi mbili, na kwa 500 karibu futi nne, kiasi kwamba kukosea umbali kati ya 450 na 500 ni kukosea futi nzima. Kipima umbali cha leza kinatibu kosa hilo moja tu. Hakitibu hatua anayopiga mnyama wakati risasi iko njiani zaidi ya nusu sekunde.

Tukapatana: 400 mwisho, awe amelala, upepo umetulia. Akiwa ameketi, 250.

Oktoba alipanda mlimani na wenzake wawili, wamevaa rangi ya machungwa inayong'aa kama sheria inavyotaka. Jioni ya pili waliona majike saba ng'ambo ya bonde. Leza ikasema 610. Mwenzake akampa magnum yake, akamwambia ajaribu. Akairudisha. Wakawatazama kwa darubini mpaka giza likaingia, na alfajiri akazunguka kwa mbali akiufuata upepo unaomjia usoni, saa mbili nzima, akawakuta yadi 230. Akalala chini, begi mbele. Jike alitembea hatua kama ishirini akaanguka. Aliponipigia hakuweza kuongea vizuri, nami pia koo lilinikaba.

Mwezi uliopita ameanza tena: mwaka huu anaomba kibali cha dume, na anauliza kuhusu 7mm Remington Magnum. Sikumkatalia. Nimemwambia aazime moja, apige risasi 200 kabla ya Julai, na kila karatasi anitumie picha. Zimefika mbili. Ya kwanza ni nzuri. Ya pili ina tundu moja chini kushoto, na leo usiku ndilo tutakaloliongelea.