Walioingia walikuwa wangapi?

Kuna bango la shule moja ya chata (charter, yaani shule inayolipwa kwa kodi lakini haiendeshwi na wilaya) hapa Columbus, Ohio, limeandikwa eti wahitimu wao wote wamepata chuo, na mimi kila nikilipita najiuliza hao walioanza darasa la tisa pamoja nao walikuwa wangapi na wengine wako wapi saa hizi.

Nauliza kwa sababu niliona kwa macho. Jirani yangu mmoja, mama wa Kikongo, mtoto wake alipata nafasi kwa bahati nasibu, tukafurahi mtaa mzima. Februari mama akaitwa ofisini, nikaenda naye kumtafsiria. Hawakusema wanamfukuza mtoto, walisema Kiingereza chake bado na shule ya wilaya, yaani ile ya kawaida ya serikali, itamfaa zaidi, huku wanamsogezea mama karatasi ya kuhama na kalamu imeshawekwa juu yake. Akanigeukia, "Dada, banamufukuza mutoto?" Nikakosa la kumjibu maana neno hilo hawakulitamka. Akasaini.

Sasa mtoto karudi shule ya wilaya, ambayo haina ruhusa ya kumkataa, mitihani kafanyia huko, alama zake zinahesabiwa huko, halafu mwisho wa mwaka wanakuja kulinganisha shule mbili na kusema chata inafundisha vizuri zaidi. Jamani hiyo ni haki kweli?

Sisemi zote mbaya. Watafiti wa Stanford mwaka 2009 walikuta ni asilimia 17 tu ya chata zilizoshinda shule za kawaida kwenye hesabu na asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi, ila ripoti yao ya 2023 inaonyesha wastani umepanda, na hilo lazima tulikubali. Lakini hapa Ohio tuliona pia ECOT, ile chata ya mtandaoni, serikali ikawadai dola milioni 60 za mwaka mmoja tu wa masomo kwa kuhesabu wanafunzi ambao walishindwa kuthibitisha kuwa walikuwa wanasoma, halafu Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, watoto kama elfu 12 wakaanza kuhangaika kutafuta shule. Na ni hela za kodi zetu hizo, za huyo mama pia anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga maboksi ghalani.

Kopi ya ile karatasi bado anayo, juzi alinionyesha. Kwenye sababu ya kuhama wameandika: uamuzi wa mzazi.